Kliniki Inafuata Jua, Sisi Tunafuata Mwezi

Haya niliyaongea mwaloni kwetu, ufukweni Ziwa Victoria boti za uvuvi zinapofikia, tarehe 1 Desemba, Siku ya Ukimwi Duniani, mbele ya wavuvi, matajiri wa boti, akina mama wa dagaa na timu ya afya kutoka wilayani. Vijana waliokuwa Goziba siku ile wameniomba niyaandike, nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Mwangaluka wote. Shikamooni wazee wangu, vijana mambo, akina mama wa chanjani mnaoanika dagaa poleni na jua. Mwenyekiti wa kijiji, viongozi wa BMU, kamati yetu ya kusimamia mwalo, mganga mkuu wa wilaya na timu yako, matajiri wote mliofika, nashukuru kwa nafasi. Mimi sina karatasi mkononi, nitaongea kama mvuvi maana hiyo ndiyo kazi iliyonilea.

Nianze na hili ili lisinisumbue katikati. Mimi nina VVU. Nimejua tangu 2013, dawa nimeanza 2017, na hiyo miaka minne ya katikati nitaielezea hapa hapa maana ndiyo imenileta mbele yenu. Leo nameza kidonge kimoja kwa siku, nimepimwa wingi wa virusi, havionekani kwenye damu, mke wangu hana na mtoto wetu hana. Basi, tuendelee.

Mganga mkuu amesema kabla yangu, na amesema kwa nia njema kabisa, kwamba wavuvi hatupendi kupima. Nimekaa pale kwenye benchi nikawa nalitafakari hilo neno hatupendi. Nimevua dagaa miaka 14, nilianzia Ukara, nikaenda Ukerewe, nikaenda Goziba, Kome, Maisome, kila dagaa walikokwenda na mimi nilikwenda, na naomba niwaeleze siku ya mvuvi wa dagaa ilivyo, maana nadhani wengi mnaokuja na boti ya serikali mnatuona tu tumelala mchana mnadhani ni uvivu.

Saa 11 jioni tunaingia ziwani. Usiku kucha tunawasha taa, zamani karabai siku hizi za betri na sola, tunasubiri dagaa wapande kwenye mwanga, tunavuta wavu, tunahamisha taa, tunavuta tena, mpaka alfajiri. Saa 12 au saa 1 asubuhi boti inagusa mchanga. Hapo bado kushusha dagaa, kupima ndoo, kusubiri mgawo, kuosha boti, kutandaza nyavu na kuziba matundu. Ikifika saa 4 mtu anakula ugali wake anaanguka, na huo ni usingizi wa pono, hata ukimpigia ngoma sikioni haamki. Anaamka saa 9 na kitu, anatafuta maji, anaangalia injini, saa 11 yuko ziwani tena. Sasa zahanati yetu inafunguliwa saa 1 na nusu asubuhi na inafungwa saa 9 na nusu alasiri, saa za serikali nchi nzima. Wekeni hizo saa mbili pembeni kwa pembeni muone zinakutana wapi. Hazikutani. Mtu anaamka wakati sista anafunga mlango. Huyo huyo ndiye anayeandikwa kwenye ripoti kwamba hapendi.

Na sisi hatuhesabu wiki, tunahesabu mwezi. Kukiwa na giza tunavua, mbalamwezi ikija dagaa hawafuati taa kwa hiyo boti zinalala, siku kama saba mpaka kumi hivi. Zile ndizo siku zetu za kuwa binadamu, mtu anashona nyavu, anapanda boti kwenda Mwanza au Musoma kuona watoto, anakunywa, anatafuta mwanamke, yote yanatokea mbalamwezi. Nimefanya hii kazi ya kuhamasisha miaka sita sasa na nimeona boti ya kupima ikija katikati ya giza, wanafunga hema, wanakaa siku mbili, wanapima akina mama na watoto wa shule na mafundi wachache wa injini, wanaondoka. Wiki mbili baadaye mwezi uko juu, kambi imejaa wanaume wamekaa tu, hakuna boti. Ratiba ilipangwa ofisini kwa kalenda ya ukutani. Mganga mkuu, hili halihitaji hela ya nyongeza hata shilingi, linahitaji mtu aangalie mwezi kabla ya kuandika tarehe.

Sasa nije kwenye hofu, maana ipo na siwezi kusema haipo.

Kule kambini tunalala wanane kwenye kibanda kimoja cha mabati, kila mtu begi lake limening'inia kwenye msumari. Hakuna kabati, hakuna mlango wenye funguo. Sasa fikiria una kopo la dawa humo. Kopo la dawa lina sauti yake, ukigusa begi linalia chaka chaka chaka, na kila mtu kambini anaijua hiyo sauti. Kuna mdogo wangu mmoja, siyo wa damu lakini tulikula sahani moja miaka mitatu, alitokea upande wa Kigoma kuja kuvua, huyu alikuwa anajaza pamba ndani ya kopo ili vidonge visilie. Nilimkuta siku moja nyuma ya choo anachambua pamba kidogo kidogo anaibana na kidole gumba. Hakuniambia kitu na mimi sikumuuliza. Tangu siku ile nimeamini kwamba wengi wetu jibu la kipimo tungeweza kulibeba, mzigo ni kopo. Mtu anajua akipima akikutwa nalo anapewa kopo, na kopo halina pa kukaa.

Yule mdogo wangu alihamia kisiwa kingine dagaa walipopungua. Alivyofika kule dawa zikamuishia, akaenda kituo cha kule akaambiwa lete barua ya uhamisho kutoka ulikoanzia. Kurudi ni nauli ya boti, ni siku mbili bila kazi, na tajiri akikosa mtu siku mbili anaweka mwingine. Hakurudi. Tulimzika mwaka uliofuata, na kwao tulimpeleka kwenye sanduku tukiwa tumechangishana mgawo wa usiku mmoja. Siwataji waliomrudisha, na sijasema kwa ajili ya kumshitaki mtu. Nasema kwa sababu wenzake saba waliokuwa wanalala naye waliona yote, na walichojifunza ni kwamba bora usijue.

Na mimi sikuwa mjanja kuliko yeye. 2013 nilikuwa nimekwenda Mwanza mbalamwezi, tumepeleka dagaa pale Kirumba mwaloni, kulikuwa na hema la kupima nikaingia kwa sababu rafiki yangu aliingia. Nikakutwa nalo. Nikapelekwa kliniki wakapima CD4, yaani chembe za kinga kwenye damu, ikatoka 410 na kitu, nikaambiwa bado kinga yako iko juu, dawa bado, urudi baada ya miezi sita. Wakati ule ndivyo mwongozo ulivyokuwa, mpaka CD4 zishuke chini ya 350, na zamani zaidi ilikuwa 200. Nurse alikuwa mtu mzuri sana alinisindikiza mpaka getini. Lakini jamani, mwambie mvuvi arudi baada ya miezi sita, miezi sita mimi ninakuwa nimeshahama visiwa viwili! Nikajiambia kama ningekuwa naumwa wangenipa dawa, hawajanipa, basi siumwi. Nikaendelea na ziwa. 2017 nilirudi kliniki nimebebwa, TB, kilo 44, na katika hiyo miaka minne sijui ni nani nimemuumiza na hilo nitaishi nalo.

Mwongozo ulibadilika Oktoba 2016, siku hizi ukipima ukikutwa nalo unaanza dawa hata siku hiyo hiyo, hakuna kusubiri CD4. Lakini nyinyi wa rika langu mliwahi kurudishwa nyumbani kama mimi, na mpaka leo nawasikia mkiwaambia vijana kwenye boti kwamba ukipima mapema wanakuandika tu jina halafu wanakuacha. Hiyo ilikuwa kweli zamani, siyo kweli tena. Nawaomba wazee wangu hilo mlifute vinywani mwenu, vijana wanawasikiliza nyinyi kuliko wanavyonisikiliza mimi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, hiyo tumeimbiwa kwenye kila mkutano na mimi naiheshimu, lakini mtu hafichi asichokijua. Serikali ilifanya utafiti wa nchi nzima 2022 mpaka 2023. Watu wa miaka 15 na kuendelea walikuta asilimia 4.4 wana virusi. Kati ya hao wenye virusi, wanaojua hali zao walikuwa asilimia 82.7. Wanaojua, asilimia 97.9 wanatumia dawa. Wanaotumia dawa, asilimia 94.3 virusi vimefubaa. Mnaliona hilo? Mtu akishajua anaanza dawa, akishaanza dawa zinafanya kazi. Mtumbwi wetu unavuja tundu moja na tundu lenyewe ni kupima, karibu watu 17 katika kila 100 wenye virusi wanatembea hawajui. Na huo utafiti ulikwenda kaya kwa kaya, mimi najiuliza mtu anayelala kambini, leo Kome kesho Maisome, alihesabiwa kwenye kaya ya nani.

Sisi watu wa ziwa hili tulitakiwa kuwa wa kwanza kufikiwa. Huu ugonjwa ulipoanza kuonekana huku, 1982 ulikuwa Kasensero kule Uganda, mwalo wa wavuvi kama huu, na 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania waliripotiwa hapo Kagera ng'ambo ya maji. Wazee mnakumbuka uliitwa Juliana, jina la nguo waliyokuwa wanaleta wafanyabiashara, maana watu waliona wanaougua ni hao hao wanaovuka vuka. Miaka zaidi ya 40. Na bado mwaka huu nimekutana na kijana wa miaka 22, ana miaka sita ziwani, hajawahi kupima hata mara moja.

Kwa matajiri nina maneno yangu na nitasema kwa heshima kwa sababu nimekula kwa boti zenu. Mvuvi hana mkataba wa karatasi. Hakuna anayefukuzwa huku kwetu, unaambiwa tu leo pumzika nimepata mtu mwingine, na hiyo leo haiishi. Kwa hiyo kijana akisikia homa anameza panadol na kuingia ziwani, maana akionekana zahanati wataanza kusema huyu ana nini, na tajiri akisikia ataogopa atamfia ziwani. Yupo tajiri mmoja, hayupo hapa, aliwahi kuwaambia vijana wake wote wapime na walete majibu ndiyo wapande boti. Alidhani anasaidia. Nusu ya wale vijana walihama usiku huo huo na wengine mpaka leo hema la kupima wakiliona wanazunguka mbali. Sheria ya Ukimwi, Namba 28 ya 2008, inakataza kumpima mtu kwa lazima na inataka majibu yake yabaki siri yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imetaja VVU kabisa kabisa kwenye yale ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu. Tunachowaomba ni kitu kimoja, mtamke hadharani kwamba kijana akienda kliniki siku moja nafasi yake kwenye boti inamsubiri, na msiulize amekwenda kufanya nini.

Akina mama, nyinyi mnabeba mengine. Mnapima mkiwa wajawazito, kwa hiyo mnajua wa kwanza, na anayejua wa kwanza ndiye anayeambiwa kaleta. Nimemwona mama ametolewa vyombo nje na mwanaume ambaye hajawahi kupima maisha yake yote. Na upande wa pili yuko mwanaume anasema mke wangu kapima kliniki yuko salama, basi na mimi niko salama. Kaka yangu, damu ya mkeo haikusemei wewe. Mimi nina virusi mke wangu hana, tunalala kitanda kimoja. Kipimo chake kingekuwa changu ningekuwa nimeshakufa.

Halafu wapo mabinti zetu wanaotoka hapa chanjani kwenda kutafuta kazi za ndani Oman na nchi za jirani zake. Kule kipimo ni sharti la kibali, ukikutwa na virusi hupati kibali, na ukiwa umeshafika unarudishwa. Binti mmoja wa hapa aliniambia alipimwa kwa ajili ya safari hakuelezwa hata anapimwa nini, alisikia tu amefeli. Neno amefeli. Akarudi kijijini na hilo neno, hakuna aliyemwambia aende wapi, mpaka mimi nilipokutana naye miezi minane baadaye. Tukiongea kuhusu mtu wa kuhama na kupima tukumbuke wapo ambao kipimo walikijua kwanza kama geti la kufungiwa nje, na huyo ukimwambia njoo upime bure atakuangalia usoni asikujibu.

Wapo wanaosema ziwa litaniua kabla ya ngoma. Sibishani nao, nimezika wengi waliochukuliwa na ziwa, wengine hatukuwapata. Lakini siku hizi tunavaa boya, na kulivaa siyo kwamba tunapenda kuzama, kupima nako ni boya.

Sasa niseme kinachofanya kazi, nimekiona kwa macho yangu. Bunge lilibadilisha sheria Novemba 2019, mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe, na kijana wa miaka 15 anapima bila kusubiri ruhusa ya mzazi, na tunao wengi wa umri huo kambini wazazi wao wako mbali. Kile kipimo cha mate hakina sindano, unapitisha kijiti kwenye fizi juu mara moja na chini mara moja, unakitumbukiza kwenye kichupa chake, unasubiri dakika 20. Usiwe umekula au kunywa robo saa kabla. Mistari miwili, yaani kimeonyesha una virusi, siyo jibu la mwisho, unakwenda zahanati wanahakikisha kwa damu. Na wewe ambaye tayari uko kwenye dawa usikitumie, kinaweza kukudanganya ukaacha dawa.

Mwaka juzi kijana mmoja aliniomba. Nilikuwa na funguo za stoo ya injini nikamwingiza mle, tukakaa juu ya nyavu, akawasha tochi ya simu. Nje mama mmoja anachambua dagaa na redio yake. Dakika 20 ni ndefu jamani, tuliongea habari za mama yake, tukaongea bei ya mafuta, tukanyamaza. Ukatoka mstari mmoja. Akaniambia hesabu tena. Nikahesabu tena. Akainama akawa analia na mimi nikamwacha alie, baadaye akasema kaka kumbe ni hivi tu, miaka yote hii. Nikamweleza habari ya dirisha, kwamba virusi vipya vinaweza visionekane mpaka miezi mitatu, arudie. Lakini nilijua miezi mitatu hatakuwepo, kwa hiyo nilimpa kipimo cha pili akakifunga kwenye nailoni akaondoka nacho Goziba. Miezi mitatu baadaye alinitumia meseji, neno moja tu, mmoja.

Ile ilikuwa kazi iliyokuwa na boti na mafuta na posho kidogo. Januari 2025 Marekani waliposimamisha misaada yao kwa siku 90, boti iliyokuwa inatuletea vipimo haikuja, na wahamasishaji wenzangu wengi wakarudi kuvua. Siwalaumu, watoto wanakula. Lakini mganga mkuu na mheshimiwa diwani, mafuta ya boti moja kwa mbalamwezi moja ni hela ambayo halmashauri inaweza kuipata, ushuru wa dagaa tunalipa hapa kila siku. Na ile barua ya uhamisho, iandikwe siku ile ile mtu anapoanza dawa, akae nayo, asije kuifuata akiwa ameshahama. Na mwenye hali nzuri apewe dawa za miezi sita, hilo lipo kwenye mwongozo, lifike na huku visiwani.

Namalizia na tangazo. Mbalamwezi hii tumeelewana na sista wa zahanati, na tajiri mwenye stoo amekubali. Sista atakuwa mle stoo kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 5, usiku nne mfululizo, kuanzia mwezi ukijaa. Hakuna hema, hakuna spika, hakuna kuandikishwa jina mlangoni. Taa ya nje haitawashwa. Ukitoka unatokea mlango wa nyuma unaoangalia ziwa. Asiyetaka kukaa na kopo kambini aniambie, kabati la stoo lina kufuli na funguo mbili, moja anakaa nayo mwenyewe. Mimi nitakuwa nimekaa nje pale kwenye gogo nashona nyavu, na mtu akikukuta njiani akakuuliza unakwenda wapi usiku huu, umefuata sindano ya nyavu kwangu.